MASHINE HAITII SAHIHI

Ndugu Wanachama, na Wafanya Kazi wote mtakaosoma karatasi hii,

Siku hizi katika magereji kuna neno moja ambalo likitamkwa fundi hana ruhusa ya kujibu. Neno lenyewe ni hili: "Mashine imeshaona." Tajiri wa gereji akilisema mbele ya mteja, mazungumzo yamekwisha. Akilisema mbele ya fundi siku ya mshahara, yamekwisha vile vile. Sisi mafundi wa karakana ya magari ya reli tumelisikia neno hilo mpaka limetuchosha, na leo twalijibu.

Mashine inayosemwa ni kile chombo cha kuchomeka ndani ya gari na kusoma makosa yake, ambacho wengi hukiita skana, na wengine husema "kompyuta" tu. Hatuandiki ili kusema kwamba chombo hiki ni kibaya. Twaandika kwa sababu chombo kizuri kimetiwa mikononi mwa watu wanaokitumia kupunguza mishahara, kuwaondoa wazee wa kazi, na kumtwisha fundi lawama ya gari ambalo hakupewa nafasi ya kulikagua. Mambo hayo matatu ndiyo tunayoyapinga.

Pengine mwanachama mmoja atauliza: Mambo ya magereji yatuhusu nini sisi watu wa reli? Yatuhusu sana. Reli haiendi kwa injini za treni peke yake. Inayo malori na mapikapu, na wako watu wa kuyatengeneza, na watu hao ni wanachama wenzetu. Tena injini za dizeli zivutazo mabehewa siku hizi zina kompyuta ndani yake, na fundi hutazama kioo kabla ya kushika spana. Na asubuhi sisi sote twapanda matatu kwenda kazini. Matatu hiyo imetengenezwa na mtu, na mtu ametia sahihi kwamba ni nzima. Ikiwa mtu huyo hakuangalia breki kwa sababu tajiri wake alimwambia mashine imeshaona, basi watakaozikwa ni sisi na watoto wetu.

CHOMBO CHENYEWE

Tuanze kwa haki. Tukiseme chombo kwa wema wake kabla ya kumsema anayekitumia vibaya.

Ndani ya gari la siku hizi kuna kompyuta inayoendesha injini, na kuna vihisio vingi, yaani vijidude vya kupima joto, hewa inayoingia, mwendo wa magurudumu na moshi unaotoka. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na vile ilivyofundishwa kiwandani. Ikiona jambo lisilopatana, huwasha taa ya injini mbele ya dereva na kuweka namba ya kosa. Mambo haya yalianzishwa kwa ajili ya moshi. Jimbo la California huko Marekani liliwalazimisha wenye viwanda kuanza na magari ya mwaka 1988, kwa kuwa hewa ya miji yao ilikuwa imeharibika. Kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikataka kila gari dogo liwe na soketi ya namna moja, yenye nafasi za pini 16, karibu na magoti ya dereva, na namba za makosa ziwe za namna moja. Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na soketi yake na lugha yake.

Kazi ya chombo hiki ni kubwa. Gari likizimika njiani bila sababu inayoonekana, kompyuta huandika hali ilivyokuwa wakati ule kosa lilipotokea: mwendo, joto la injini, mzigo iliokuwa nao. Zamani fundi alitegemea maneno ya dereva, na dereva mara nyingi hukumbuka yale yanayomwokoa yeye. Waya ukikatika ndani ya fungu la waya arobaini, chombo hukuonyesha ni upande gani wa kuanza kutafuta, na kazi ya siku mbili huwa ya asubuhi moja. Fundi anayekataa faida kama hiyo anajidhulumu mwenyewe.

Lakini hebu tazameni maneno tuliyosema. Chombo huonyesha upande wa KUANZA kutafuta. Hakikusema tafuta imekwisha.

NAMBA SI UGONJWA

Tuchukue mfano mmoja ambao kila fundi wa petroli amekutana nao. Namba P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko wa upande wa kwanza wa injini una hewa nyingi na petroli chache. Imeishia hapo. Haisemi kwa nini. Pengine mpira wa hewa umepasuka nyuma ya injini, na bei yake ni ndogo. Pengine kihisio cha kupima hewa kimeshika vumbi la barabara zetu na chataka kusafishwa tu. Pengine pampu ya petroli imechoka, au filta yake imeziba. Pengine ekzosi ina tundu karibu na kihisio cha oksijeni, hewa ya nje yaingia, nacho kihisio chadanganyika. Sababu nne au tano, dawa nne au tano, na namba ni ile ile moja.

Atakayejua ni sababu gani ni nani? Ni yule anayeinama, akasikiliza mluzi wa hewa, akapima nguvu ya pampu kwa geji, akapapasa mpira kwa vidole mpaka akapata ufa. Huyo ni fundi, na kazi hiyo aliifundishwa kwa miaka.

Au namba P0420. Hii yasema kwamba kichujio cha moshi kilicho ndani ya ekzosi hakifanyi kazi ya kutosha. Kichujio hicho ni ghali sana, kwa sababu ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwenye gereji aliye na haraka humwambia mteja, "Nunua kipya." Mteja ananunua. Baada ya wiki chache taa inawaka tena, kwa sababu kilichokiharibu cha kwanza ni plagi au koili mbovu iliyopeleka petroli isiyoungua ndani ya ekzosi, na hakuna aliyeangalia. Hapo mteja amepoteza fedha, tajiri amepata faida ya spea, na anayetafutwa kwa fimbo ni fundi aliyefunga zile nati.

Na hayo ni ya injini. Je, mambo yanayoua watu barabarani? Chombo hiki hakioni tairi lililokwisha mpaka nyuzi zikatokea. Hakioni boljointi iliyolegea. Hakioni paipu ya breki iliyoliwa na kutu, wala chesisi iliyoungwa kwa kuchomelea baada ya ajali ikapakwa rangi, wala usukani wenye mchezo. Katika magari mengi hakijui unene wa breki pedi. Mambo hayo hayana waya wa kuyapelekea habari. Yana macho ya fundi, tochi, jeki, na mkono wa kutikisa gurudumu.

Tena vijidude vya bei rahisi, vile vinavyozungumza na simu ya mkononi, mara nyingi husoma injini tu. Kompyuta ya breki na ile ya mifuko ya hewa havikuziuliza, basi hazikujibu. Kioo kinaandika "Hakuna kosa," na mtu asiyejua husoma, "Gari ni zima." Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Fundi mwenye macho huwasha swichi kwanza, akatazama kama taa ya mifuko ya hewa yawaka na kuzimika yenyewe kama ipasavyo. Ikiwa haikuwaka kabisa, ajua kwamba pengine mtu ameiondoa ili kuficha jambo. Chombo cha bei rahisi hakitamwambia hilo.

MASHINE HUMTII ALIYEIFUNDISHA

Wako wanaosema kwamba mtu hudanganya lakini mashine haidanganyi. Tuwakumbushe jambo lililojulikana dunia nzima mwezi wa Septemba 2015. Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kiwanda cha Volkswagen kilitia katika kompyuta za magari yake ya dizeli maagizo ya kutambua wakati gari linapopimwa moshi. Likiwa katika kupimwa, lilijisafisha. Likirudi barabarani, lilitoa sumu kupita kiasi, na katika hali nyingine mpaka mara 40 ya kipimo cha sheria. Kiwanda chenyewe kilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na maagizo hayo. Na miaka yote hiyo taa ya injini haikuwaka kumwambia mwenye gari jambo hili, kwa maana kompyuta ilikuwa ikifanya kama ilivyoagizwa.

Siri hiyo ilifichuliwaje? Watu wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vyombo vya kupimia kwenye ekzosi yenyewe, wakayaendesha magari barabarani, wakapima kile kilichotoka. Hawakuridhika na maneno ya gari juu ya gari. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila namba inayotokea katika kile kioo imewekwa na mtu, na mtu huyo ana tajiri wake.

Huku kwetu udanganyifu ni mdogo kuliko huo, lakini ni wa kila siku. Mwenye gari anataka kuliuza. Taa inawaka. Anampa mtu kitu kidogo afute namba, taa inazimika, mnunuzi anakuja na chombo chake, hakuna kosa, fedha zinalipwa. Baada ya siku chache taa inarudi. Fundi anayejua hawezi kudanganywa hivyo kwa urahisi, kwa sababu gari likifutwa namba hufuta pia kumbukumbu ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia, na majaribio hayo hayatimii mpaka gari limeendeshwa kwa muda katika hali mbali mbali. Yeye hutazama kwanza kama majaribio yametimia. Yakiwa bado mengi, humwambia mnunuzi, "Ngoja, gari hili limeoshwa uso jana." Hata katika majimbo ya Marekani yanayokagua kwa chombo hiki, gari lenye majaribio mengi yasiyotimia hurudishwa. Lakini hayo yataka mtu aliyefundishwa, wala si kijana aliyepewa chombo Jumatatu na gari la mteja Jumanne.

WANAVYOTUFANYIA

Sasa tufike kwa wenye magereji. Hatutataja jina la mtu wala la kampuni. Wao wenyewe watajijua.

Kwanza, mteja hutozwa fedha kwa "kupimwa na kompyuta", nazo fedha hizo huhesabiwa kuwa ni mapato ya chombo. Fundi aliyetumia saa tatu chini ya gari kutafuta ufa wa mpira huandikiwa dakika kumi za kubadilisha mpira. Tafuta yake haikulipwa, kwa kuwa "mashine ilishaona". Tajiri amelipwa kwa kuonyeshwa mlango, na sisi tuliouvunja mlango hatukulipwa.

Pili, fundi huambiwa anunue chombo mwenyewe, au chombo hununuliwa na bei yake hukatwa katika mshahara wake kidogo kidogo. Ni nani aliyepata kusikia kwamba dereva wa treni akatwe mshahara kununua injini? Chombo kinachomletea tajiri faida kinunuliwe na tajiri.

Tatu, spea iliyotiwa kwa kufuata namba isipoponya gari, bei yake hukatwa kwa fundi. Ndugu, jueni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa au kupotea kwa sababu ya kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi! Fundi aliyeamriwa, "Tia spea hii, mashine imesema," hakufanya kosa la makusudi. Ametii amri. Anayemkata fedha kwa hilo anavunja sheria, na yafaa aambiwe hivyo mbele ya mwakilishi wa chama.

Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, ni habari ya sahihi. Ndugu mmoja wa mwanachama wetu ameajiriwa katika gereji moja ya mjini. Lililetwa gari la abiria kabla ya kwenda kukaguliwa. Skana ilichomekwa, kioo kikaandika hakuna kosa. Fundi akataka kulipandisha gari kwa jeki aangalie chini. Msimamizi akamwambia hakuna nafasi, magari mengine yangoja, tia sahihi. Fundi akakataa. Usiku, wenzake walipokuwa wakifunga, akaondoa gurudumu la mbele. Breki pedi ya ndani ilikuwa imekwisha, chuma kinakula chuma, na mpira wa breki una nyufa. Asubuhi aliwaonyesha. Je, alishukuriwa? Aliandikiwa barua ya kuonywa kwa kutotii na kuchelewesha kazi.

Fikirini kama angalitia sahihi. Gari lingeshuka mteremko na watu ndani, breki zingekataa. Polisi wangekuja gereji wakauliza ni nani aliyelipitisha. Je, wangeikamata skana? Wangeiweka skana kizimbani? Mashine haitii sahihi. Mashine haina mke wala watoto wa kuiletea chakula rumande. Jina lililo chini ya karatasi ni la fundi, na kwa hiyo ni haki ya fundi kuona kwa macho yake kile anachoapa kwamba ni kizima.

WANASEMA, TWAJIBU

Wanasema: "Fundi wa miaka mingi ni ghali, kijana mwenye skana hutosha." Twajibu: Kijana huyo ni mwanetu, wala hatumwonei wivu. Lakini mnamlipa kama kibarua na kumpa mzigo wa fundi mkuu. Mnamdhulumu yeye na mnamdhulumu mzee kwa pigo moja. Mwekeni kijana kando ya mzee. Mmoja ana masikio, mwingine ana wepesi wa kusoma kioo. Baada ya mwaka mtakuwa na mafundi wawili kamili.

Wanasema: "Nchi zilizoendelea zinatumia mashine, nanyi mwataka kurudi nyuma." Twajibu: Tazameni Japani, ambako magari mengi yetu hutoka. Kuanzia mwezi wa Oktoba 2024 Wajapani wameongeza kusoma kompyuta katika ukaguzi wao wa magari, kwa magari ya aina mpya. WAMEONGEZA, ndugu. Hawakumwondoa mtu anayepima breki, wala anayekagua chini ya gari. Ninyi mwataka kutoa, halafu mnaita maendeleo.

Wanasema: "Mashine ni ya haraka." Twajibu: Haraka ya kumaliza gari si haraka ya kumfikisha abiria. Na sisi watu wa reli twajua. Kwa miaka mingi wakaguzi wa mabehewa walipita kando ya treni na nyundo ndefu, wakigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Vyombo vipya vya kupima vyuma vilipokuja vilipokewa, kwa kuwa vyaona ndani ambako sikio halifiki. Lakini hakuna bwana wa reli mwenye akili aliyesema kwamba sasa mabehewa yatoke bila mtu kuyatazama.

NA SISI WENYEWE

Chama kisichojisema hakifai kuwasema wengine. Wako mafundi wenzetu wanaokidharau chombo hiki. Husema, "Mimi nimetengeneza magari miaka ishirini kwa spana na bisibisi." Ni kweli, lakini gari la leo si lile. Kompyuta ikikataa kuwasha injini, spana haitaibembeleza. Fundi anayekataa kujifunza anampa tajiri sababu ya kumfukuza, kisha hulia kwamba chama hakikumsaidia.

Wako wengine wabaya zaidi, nao ni wale wanaofuta namba kwa malipo ya chai. Hao tunawaambia wazi: mnauza jina la ufundi. Mnunuzi aliyedanganywa hatasema alidanganywa na mtu fulani. Atasema mafundi wote ni wezi, na siku tutakapodai mshahara wa haki hatakuwa upande wetu.

MLANGO ULIOFUNGWA

Kuna jambo jingine ambalo magereji madogo na wenzetu wa jua kali walijua kabla yetu. Viwanda vimeanza kufunga mlango. Gari lina soketi, lakini ukitaka kufanya kazi yenyewe, kama kutia kihisio kipya na kukitambulisha kwa kompyuta, waambiwa ulipe kiwanda na kujiandikisha, au upeleke gari kwa wakala wao. Hivyo fundi huru hubaki na namba bila dawa.

Wenzetu wa ng'ambo hawakukaa kimya. Katika jimbo la Massachusetts huko Marekani wananchi walipiga kura mwaka 2012, na tena mwaka 2020, kutaka fundi huru apate habari zile zile apatazo wakala. Ulaya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2007. Na tarehe 5 Oktoba 2023 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyohusu kampuni ya FCA Italia, kwamba kiwanda hakiwezi kumwekea fundi huru masharti ya kuingia katika kompyuta ya gari ambayo sheria haikuyataja. Hayo yalipatikana kwa watu kusimama pamoja. Magari yetu mengi huingia Mombasa yakiwa yametumika kwingine, nayo sheria yetu hayaruhusu yapite miaka minane. Maana yake, vitasa vinavyofungwa huko leo vitafika hapa baada ya miaka michache, na gari litakuwa letu lakini ufunguo wa kulitengeneza hautakuwa wetu.

TUNAYODAI

1. Chombo cha kupimia kinunuliwe na mwajiri, na kifanywe kipya na mwajiri. Hakuna senti ya mshahara itakayokatwa kwa ajili yake.

2. Mafunzo yatolewe ndani ya saa za kazi, na mshahara uendelee. Fedha za mafunzo zipo. Kila mwajiri hupaswa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na mwajiri anayefundisha watu wake aweza kuomba arudishiwe gharama. Waulizeni matajiri wenu: mara ya mwisho mlituma nani kusoma?

3. Kutafuta kosa ni kazi. Kuandikwe katika hesabu ya mteja kwa jina lake, na fundi alipwe kwa saa alizotumia.

4. Karatasi ya ukaguzi iwe na sehemu mbili. Upande mmoja: chombo kilisema nini, kiliuliza kompyuta zipi, na majaribio ya gari yalikuwa yametimia au la. Upande wa pili: fundi aliona nini kwa macho na mikono, kuanzia tairi mpaka paipu za breki.

5. Fundi asiadhibiwe kwa kukataa kutia sahihi gari ambalo hakuruhusiwa kulikagua. Anayelazimisha na atie sahihi yake mwenyewe.

6. Spea iliyotiwa kwa amri isikatwe katika mshahara wa aliyeamriwa.

7. Serikali, pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iweke kanuni ya kuwapa mafundi huru na wa jua kali vitabu na habari za kutengeneza magari yanayoingizwa nchini, kwa bei ya haki.

Madai haya si makubwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki na ya hali nzuri ya kazi, na haki ya kuingia katika chama. Hatuombi sadaka.

Sasa ndugu, kazi ni kwenu. Kila aliyekatwa mshahara kwa sababu ya spea, aandike siku, gari na kiasi, ampelekee mwakilishi wake. Kila aliyelazimishwa kutia sahihi, aandike vile vile, na aweke nakala nyumbani. Walio na ndugu katika magereji ya mjini wawapelekee karatasi hii. Katika mkutano ujao wa tawi jambo hili lisemwe waziwazi, na kila mtu alipe ada yake, kwa maana barua za chama haziandikwi kwa hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na siku tajiri atakapokuambia tena, "Mashine imeshaona," umjibu kwa heshima na bila kupaza sauti: "Vyema, bwana. Basi mashine itie sahihi."

UMOJA NI NGUVU.

Ni sisi, Mafundi wa Karakana ya Magari